Kwa nini seli yenye kijidudu cha ndigana haijiui
Kaka umeuliza swali la maana, seli ikivamiwa si inatakiwa ijiue ili mdudu afe nayo, mbona ng'ombe wetu huku Nachingwea wakipata ndigana wanavimba matezi tu? Ni kweli seli ina mpango wake wa kujiua, inajikata vipande vinamezwa na seli jirani, ila kijidudu cha ndigana kali, Theileria parva, kile kinacholetwa na kupe, kinauzima huo mpango. Kikishaingia kwenye chembe nyeupe ya damu kinakaa humohumo ndani, kinajikusanyia juu ya mwili wake vimeng'enya vya seli vinavyoiwasha protini inaitwa NF-kB, na hiyo ikiwaka muda wote seli inaambiwa ishi tu, tena inagawanyika hovyo kama ya kansa, na kijidudu kimejishikiza kwenye nyuzi za kugawanyia ili nacho kigawanywe huku na huku. Ndo maana tezi la chini ya sikio linajaa. Ukimchoma ng'ombe dawa ya buparvakwoni kijidudu kinakufa, na zile seli zinaacha kugawanyika zinajiua zenyewe, mi hapo ndo huwa nashangaa kabisa! Ila wahi kaka, ukiona tezi na homa mwite mtu wa mifugo siku hiyohiyo, mapafu yakishajaa maji dawa inakuwa imechelewa.