Mtoto ana pumu ya ngozi, ninunue probayotiki?

SWALI: Dokta shikamoo. Niko Nkuhungu hapa Dodoma, mwanangu ana miezi saba, tangu akiwa na miezi miwili ana pumu ya ngozi, anajikuna usiku kucha hatulali. Juzi nimempa yai, hata nusu saa haijaisha vipele vimemtoka na mashavu yamevimba. Duka la dawa wakaniambia tumbo lake halina bakteria wazuri, nimeuziwa pakiti za probayotiki, bei sio ya kitoto. Jirani anasema mtindi tu unatosha. Nami nanyonyesha, nimeacha mayai, karanga, samaki na maziwa. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mama, pole kwa kukesha. Hujakosea, ila hela imeenda pasipo na tatizo.

Habari ya bakteria wa tumboni ni kweli, mtoto anayenyonya huwa na bifidobakteria (kundi moja la hao bakteria wazuri) wengi kwa sababu maziwa ya mama yana sukari maalumu inayowalisha, na watoto wenye aleji mara nyingi bakteria wao wako tofauti kidogo. Lakini kuwa tofauti sio kwamba ukimmwagia wengine wa pakiti atapona. Mwaka 2018 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, walipitia majaribio 39 ya probayotiki, yaani hao bakteria wa pakiti, kwa wenye pumu ya ngozi, wakakuta kuwashwa na kukosa usingizi havikupungua kwa maana. Kwa mjamzito mwenye historia ya aleji kwenye familia kuna dalili inaweza kusaidia kidogo kuzuia, ila kuzuia na kutibu ni vitu viwili, na wako ameshaanza.

Mtindi nao ni maziwa. Kuganda hakuondoi protini, kwahiyo mwenye aleji ya maziwa atadhurika vilevile, na ule wa maziwa ambayo hayajachemshwa usimpe kabisa, kuna brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo.

Sasa ngozi, hapa ndipo pesa yako iende. Ngozi yenye pumu ina nyufa ndogondogo, unyevu unatoka na vumbi la chakula linaingia, mwili ukikutana na karanga kupitia ngozi kabla ya tumbo unaweza kuichukulia adui, na huku kwetu kuanzia mwezi wa sita upepo ule mkavu na vumbi unajua mwenyewe. Muogeshe maji vuguvugu dakika chache, sabuni kidogo sana isiyo na manukato, mfute kwa kumgusagusa usimsugue, halafu ngozi ikiwa bado na unyevu mpake mafuta ya mgando mwili mzima, mara mbili au zaidi kwa siku. Palipowaka daktari atakupa haidrokotizoni, dawa ya kupaka ya kutuliza ngozi iliyowaka, usiiogope kama ameiandika yeye. Zile krimu za mchanganyiko za dukani zenye dawa tatu ndani achana nazo.

Yai simamisha mpaka aonwe. Wewe lakini rudi kula, hujaniambia kama alidhurika ulipokula wewe, na mama mwenye njaa hana faida kwa mtoto. Karanga usizikimbie milele: utafiti wa London wa 2015, watoto 640 wenye pumu kali ya ngozi au aleji ya yai, walioanza karanga mapema aleji ya karanga ilipungua kwa kama asilimia 80. Ila huyu wako ameshavimba kwa yai, kwahiyo ya kwanza aionje mbele ya daktari, iliyosagwa laini, punje nzima itampalia. Na unga wa lishe wenye karanga, soya, ngano na dagaa pamoja uweke pembeni kwanza, akidhurika utajuaje ni kipi? Mpe uji wa uwele au mtama, halafu ongeza kitu kimoja kimoja kwa siku kadhaa.

Akivimba midomo au ulimi, akahema kwa shida, akatapika mfululizo au akalegea, usisubiri bodaboda ya bei nafuu, kimbia hospitali.

Hizo pakiti ulizoshanunua, kama alizaliwa kwa wakati na hana ugonjwa mwingine hazina neno, ila soma nyuma kwanza, nyingine zina chembe za maziwa.