Mandhari Ile ni Mahame ya Watu

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Ni matembezi gani ya gari ungempendekezea Mtanzania anayeishi Scotland?", limenichoma. Kila anayejua kwamba naishi Sutherland, kaskazini mwa Scotland, hunitajia NC500, njia ya kuzunguka kaskazini iliyoanza kunadiwa kwa watalii mwaka 2015, kisha bonde la Glencoe, kisha kisiwa cha Skye. Mimi niko huku kwa kazi ya kutunza wazee. Barabara hizo nyembamba, gari moja kwa wakati, zenye vituo vya kupishana, ndizo zinazonipeleka zamu. Desemba jua linazama saa tisa na nusu alasiri, na kulungu wanakatiza mbele ya taa. Nilikaa kuandika kwamba sipendekezi matembezi yoyote. Mtu mpweke ukimpeleka kwenye bonde tupu, unamzidishia upweke.

Ila lazima niseme habari ya mama.

Alikuja kunitembelea kutoka Njombe mwezi wa tano. Baridi haikumtisha, sakitu anaijua. Nilimpitisha Lairg, tukapanda hadi Altnaharra, ambako mwaka 1995 kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 27.2 chini ya sifuri, kisha tukafuata ziwa, Loch Naver. Nilitaka aone maji na milima. Yeye alikuwa anatazama nyasi.

"Simamisha gari, mwanangu. Hapa palikuwa na watu."

"Hapa ni kondoo tu, mama."

"Kondoo hawajengi."

Akashuka na kitenge chake begani. Akanionyesha nyasi zilivyokoza ukijani sehemu moja na kufifia pembeni, kama mahali penye samadi na majivu ya miaka mingi. Akafuata mstari wa mawe yaliyozama ardhini, akasema huu ukuta, hapa mlango, hapa walikuwa wanafunga ng'ombe. Alizunguka nyumba moja baada ya nyingine, na mimi nyuma yake. Mahali penyewe panaitwa Grummore. Wenyeji waliondolewa mwaka 1819, bonde zima la Strathnaver likiwa linasafishwa ili kupisha kondoo wa wafugaji wakubwa. Paa zilichomwa ili mtu asirudi. Wengi walisukumwa pwani, kama Bettyhill, kwenye vishamba vya mawe na bahari wasiyoizoea. Msimamizi mmoja wa ardhi ile, Patrick Sellar, alishtakiwa Inverness mwaka 1816 kwa vitendo vyake bondeni humo, akaachiwa huru. Sanamu ya Duke wa Sutherland, mwenye ardhi, bado iko juu ya mlima kule Golspie.

Nilipomweleza haya, mama aliketi juu ya jiwe akanyamaza. Kisha akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu vijiji vya ujamaa, nyumba ya babu iliezuliwa vyombo vikiwa bado ndani. Walipakiwa kwenye lori yeye akiwa msichana. Babu aliacha mianzi yake ya ulanzi na kaburi la mtoto. Kila msimu wa mvua alirudi kwa miguu kwenye mahame yale kugema, mpaka miguu ilipokataa. Mama alinitajia miti ya pale mmoja mmoja. Mvua ikaanza, hakutaka kuondoka.

Silinganishi. Sisi tuliahidiwa shule, maji na zahanati, na shule ilijengwa kweli, nimesoma hapo hapo. Strathnaver watu walipisha mifugo. Lakini aliyeezuliwa nyumba anaijua nyumba iliyoezuliwa, hata ng'ambo.

Baadaye nilimsimulia mzee mmoja ninayemhudumia. Ni mtu wa maneno machache, ila siku ile aliongea mpaka chai ikapoa: ukoo wake ulitoka bonde lile, wengine wakaishia Canada. Tangu hapo ananiuliza hali ya mama kila asubuhi, na ninapokwenda zamu sioni tena utupu. Naona viwanja vya watu.

Kwa hiyo nakanusha nilichotaka kuandika. Nenda Strathnaver, tena ukiweza mpeleke mzazi, maana yeye ataona usichokiona. Sijui kama hayo ni matembezi ya starehe, na aliyetoka kufiwa simshauri. Nenda mwezi wa tano, usubi wa kiangazi bado haujawa mwingi. Jaza mafuta kabla ya kuacha barabara kuu. Leseni yetu inakubalika miezi 12 tu tangu uhamie, baada ya hapo unafanya mtihani wa kwao. Na mwenye watoto wadogo aende Skye, huko vyoo na chakula vinapatikana.

Msomaji, Sutherland