Uliza Fundi: Soketi kwanza, prosesa baadaye

SWALI: Shikamoo fundi. Nimedunduliza fedha mwaka mzima ili niunde kompyuta yangu ya kwanza ya gemu. Skrini ninayo tayari, ya 2560 kwa 1440, Hz 165. Gemu zangu hasa ni Counter-Strike 2 na Microsoft Flight Simulator. Kaka yangu anataka ninunue prosesa ya AMD, Ryzen 9 9950X, eti viini 16 vitanifikisha mbali. Rafiki yangu naye anashikilia kwamba mtu wa gemu hununua Intel tu. Nikimsikiliza kaka, fedha itakayobaki inatosha kadi ndogo ya grafiki. Nishike la nani?
*Mdundulizaji*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kununua, maana barua nyingi za namna hii hunifikia maboksi yakiwa yameshafunguliwa.

Kaka yako anakutakia mema, lakini viini 16, yaani sehemu 16 za prosesa zinazofanya hesabu kwa pamoja, ni vya mtu anayehariri video au kutengeneza picha za 3D kutwa nzima. Kwenye gemu, mzigo mkubwa huangukia viini vichache na vilivyobaki hukaa bure. Tena viini vya 9950X vimegawanyika katika vipande viwili, 8 huku na 8 kule, na data inayovuka kutoka kipande hiki kwenda kile huchelewa. Ukiwa na viini 8 vizuri, kwa gemu umeshafika.

Kinachofanya kazi kweli ni kashe, yaani kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Skrini yako ya Hz 165 inataka fremu mpya, yaani picha mpya, takriban kila milisekunde 6. Ndege yako inaposhuka juu ya jiji kubwa, ndani ya hizo milisekunde 6 prosesa inatakiwa kukokotoa upepo, majengo na ndege nyingine, kisha iikabidhi kadi ya grafiki kazi ya kuchora. Data isipopatikana kwenye kashe, prosesa inaifuata kwenye RAM, kumbukumbu kubwa iliyo nje yake, na huko ni mbali mno kwa kazi ya haraka hivyo. Picha inakwama kidogo, unaihisi mkononi. Ryzen 7 7700X ina kashe ya L3 (ile kubwa kuliko zote ndani ya prosesa) ya MB 32. Ryzen 7 7800X3D, yenye viini 8 vilevile, ina MB 96, kwa sababu AMD waliipandisha kashe ya ziada juu ya prosesa kama ghorofa. Kwenye 9800X3D ya Novemba 2024 ghorofa hiyo ilihamishiwa chini ya viini, joto likapata njia ya kutoka, na kasi ikapanda. Flight Simulator ni miongoni mwa gemu zinazofaidika sana na kashe hiyo.

Hata hivyo, sikwambii ukimbilie X3D, zile prosesa za kashe ya ghorofa, leo. Nakwambia uchague soketi kwanza, yaani kiti ambacho prosesa hukaa juu ya mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta.

Mwaka 2017 nilinunua mazabodi ya B350, soketi ya AM4, nikaweka Ryzen 5 1600. Mwaka 2022, kwenye mazabodi ileile, nikaweka Ryzen 7 5800X3D. RAM, kasha na pawa saplai havikubadilika. Miaka mitano, prosesa mbili, na ile ya pili ilikuwa mashine tofauti kabisa. Siku ile pia niliumia kidogo, na nakusimulia ili wewe usiumie. Pesti ya joto ilikuwa imekauka, nikaivuta feni juu moja kwa moja. Prosesa ikang'oka nayo, soketi ikiwa bado imefungwa. Pini za AM4 ziko kwenye tumbo la prosesa, na pini tatu za pembeni zilikuwa zimelala. Nilizisimamisha moja moja kwa mdomo wa kalamu ya risasi ya kubonyeza, risasi ikiwa nimeitoa, taa imeinamishwa karibu, pumzi nimeibana. Kosa lilikuwa langu: ningeiwasha kompyuta hadi ipate joto, niizime, kisha niizungushe feni kushoto na kulia kabla ya kuinyanyua.

Kwa hiyo wewe ingia AM5. Ilitoka Septemba 2022 na AMD wameahidi kuihudumia hadi 2027 na kuendelea. Chukua mazabodi ya B650 iliyo imara, yenye uwezo wa kupokea BIOS mpya (programu ya ndani ya mazabodi inayoiwasha kompyuta) kupitia flashi hata pasipo prosesa. Juu yake weka Ryzen 5 7600: viini 6, wati 65, na feni yake imo ndani ya boksi. Fedha yote iliyobaki ielekeze kwenye kadi ya grafiki, maana kwenye skrini ya 1440 kadi ndiyo itakayochoka kwanza mara nyingi. Miaka miwili au mitatu ikipita, utatoa 7600 na kuweka X3D hapohapo. Kwenye AM5 pini zimehamia ndani ya soketi, kwa hiyo balaa langu la feni halikuhusu, ila usiidondoshe prosesa wakati wa kuiweka. Kile kifuniko cha plastiki cha soketi kitunze pia. Ukirudisha mazabodi dukani bila hicho wanaweza kuikataa.

RAM iwe vipande viwili vya GB 16, DDR5 ya kasi ya 6000, CL30 (namba ya ucheleweshaji; ndogo ni nzuri). Usinunue vipande vinne, maana vinne hushindwa kushika kasi hiyo. Ukimaliza kuunganisha, ingia BIOS uwashe EXPO, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili, la sivyo RAM uliyoilipia kwa 6000 huenda ikatembea kwa 4800 na hutajua. Siku ya kwanza skrini itakaa giza dakika kadhaa wakati mazabodi inaipima RAM. Usizime umeme. Subiri.

Rafiki yako usimbeze. Intel wanatengeneza prosesa nzuri, na Core Ultra 7 265K ni ya maana kwa mtu anayechanganya gemu na kazi nzito. Shida yangu ni soketi. Soketi yao ya LGA1700 ilibeba kizazi cha 12, 13 na 14, kisha Oktoba 2024 ikaja LGA1851, na aliyetaka kuhama alinunua mazabodi upya. Na ukiuziwa Core i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14 iliyotumika, uliza kama BIOS ina marekebisho ya Agosti 2024 au ya baadaye. Intel wenyewe walikiri kwamba baadhi zilikuwa zikipokea volti kupita kiasi, wakaziongezea dhamana miaka miwili. Prosesa iliyokwisha kuumia hairudishwi na BIOS mpya.

SWALI: Fundi, nina Ryzen 5 3600 kwenye B450. Gemu zimeanza kukwama. Nihamie AM5?
*Msomaji wa siku nyingi*

JIBU: Bado. Fungua gemu inayokusumbua, tazama fremu kwa sekunde, kisha shusha rezolusheni hadi ya chini kabisa. Fremu zikipanda sana, kadi ya grafiki ndiyo iliyolemewa na prosesa haina kosa. Zisipopanda, prosesa imefika mwisho wake. Hapo tafuta 5700X3D au 5800X3D, hata iliyotumika mradi umeziona pini zake zote zimesimama. Weka BIOS mpya wakati 3600 ingali ndani na inafanya kazi. Ukiitoa kwanza, mazabodi huenda isiitambue mpya, na utabaki na skrini nyeusi.

SWALI: Herufi F mwishoni mwa jina la prosesa ina maana gani?
*Mgeni wa safu hii*

JIBU: Haina grafiki ya ndani. Core i5-12400F na Ryzen 5 7500F ni mfano. Kwa gemu hupotezi kitu na mara nyingi unaokoa fedha. Lakini kadi yako ya grafiki ikifa, hutaona picha yoyote mpaka upate nyingine. Mimi hulipia ile tofauti ndogo nichukue isiyo na F, kwa sababu nimeshatafuta ubovu kwenye kompyuta isiyo na picha, usiku kucha, na kadi ya kuazima hakuna.