Shule mbili, mbinu mbili, kipimo cha t: kwa nini msimamizi wako amekataa

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili. Una shule moja hapa Mtwara mjini na nyingine Tandahimba, kidato cha pili, wanafunzi 40 kila shule. Wa mjini watasoma, wafunge daftari, waandike wanachokumbuka. Wa Tandahimba watarudia kusoma kama walivyozoea. Mtihani wa kwanza Agosti, wa mwisho Novemba, kisha kipimo cha t, kinacholinganisha wastani wa makundi mawili, kwenye SPSS, programu ya takwimu. Msimamizi amekurudishia pendekezo akisema hapo hakuna jaribio, nawe unauliza utumie kipimo gani kingine ili akubali.

Hakuna kipimo kitakachokuokoa. Nakwambia kwa uchungu maana nilipita njia hiyohiyo na ikanigharimu mwaka mzima.

Mimi nilikuwa na darasa moja mjini na jingine huko juu, kwenye mikorosho. Niliporudi Novemba kufanya mtihani wa mwisho, kati ya watoto 43 walioanza nilikuta 27. Madawati ya nyuma yalikuwa matupu. Mwalimu wa darasa akanionyesha dirishani: "Wako mashambani, wanaokota korosho." Nikawapima waliokuwepo, na wastani wa darasa ukawa umepanda. Nilifurahi siku mbili nzima. Siku ya tatu nikachukua alama za Agosti za wale 27 peke yao, nikakuta wastani wao ulikuwa juu hivyohivyo tangu mwanzo. Hakuna aliyejifunza zaidi. Waliokuwa na alama za chini ndio waliokwenda shamba.

Ukiipa shule nzima mbinu moja, mbinu hiyo inabeba kila kilichomo shuleni: mwalimu, umbali wa kutembea, uji wa saa nne, msimu wa korosho. Kompyuta haiwezi kuvitenganisha. Wewe unahesabu watu 80, lakini kilichogawanywa ni shule mbili, moja kila upande. Watoto wa darasa moja hufanana. Kiasi cha kufanana (kati ya 0 na 1) kikiwa, tuseme, 0.2, hesabu ni hii: 1 + (40 − 1) × 0.2 = 8.8. Gawanya 80 kwa 8.8, unabaki na taarifa sawa na ya watu tisa hivi. Hapo ni kama ungekuwa na shule nyingi kila upande. Kwa shule moja tu kila upande, hata hicho kiasi cha kufanana huwezi kukikadiria.

Dawa ni kura, na ipigwe kabla ya kitu kingine chochote. Wengi huchanganya kura mbili. Kuwapata washiriki kwa kura hukusaidia kusema matokeo yanahusu watu gani. Kuwagawa kwa kura ndiko kunakokuruhusu kusema mbinu ndiyo iliyosababisha. Wewe unaihitaji hii ya pili.

Mwanatakwimu Ronald Fisher aliieleza vizuri mwaka 1935 kwa mfano wa chai. Mama mmoja alidai anatambua kwa kuonja kama maziwa yametangulia kikombeni au chai. Fisher akapendekeza vikombe 8, vinne vya kila aina, vikipangwa kwa kura. Kuna njia 70 za kuchagua vinne kati ya vinane, kwa hiyo anayebahatisha ana nafasi moja kati ya 70 ya kupatia vyote, yaani 0.014. Tazama namba hiyo imetoka wapi: kwenye kura yenyewe. Asiyepiga kura hupata thamani ya p (nafasi ya kupata tofauti kubwa hivyo au zaidi kwa bahati tu) kutoka kompyuta, lakini hana cha kuiegemeza.

Kwa mbinu yako mambo ni rahisi kuliko unavyodhani, kwa sababu kila mtoto anaweza kufanya zote mbili. Mara ya pili nilifanya hivi. Niliandaa habari mbili fupi, moja ya mikoko, moja ya sumaku. Kila mtoto alisoma moja kwa kurudia na nyingine kwa kufunga na kuandika. Bahasha za kaki ziligawanywa kwa kura ndani ya darasa, nusu wakiifanyia mikoko mbinu mpya, nusu sumaku, na mbinu ya kuanza nayo pia ikibadilishana. Hilo usilidharau: mtoto wa Mikindani, mji wa kando ya ghuba, anaijua mikoko tangu anatambaa, na kama wote wangeifanyia mikoko mbinu mpya, ningepima ghuba yao badala ya kumbukumbu. Maswali niliyaandika kwa Kiswahili. Mtihani wa Kiingereza ungenipimia Kiingereza.

Usiwapime siku hiyohiyo. Watafiti wa kumbukumbu Roediger na Karpicke mwaka 2006 walikuta kwamba baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele, lakini baada ya wiki waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Wape wiki moja. Na iwe kabla korosho hazijaanza kudondoka.

Kwenye uchambuzi, kwa kila mtoto toa alama ya mbinu moja kwenye ya nyingine. Zichore tofauti hizo kwa penseli kwanza, nukta moja mtoto mmoja, uzitazame. Kisha kipimo cha t cha jozi, kinachomlinganisha kila mtoto na yeye mwenyewe, na uandike ukubwa wa tofauti pamoja na mipaka yake ya uhakika (kati ya wapi na wapi tofauti halisi inaweza kuwa), si p peke yake. Ukishikilia makundi mawili tofauti, kuona tofauti ya nusu mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika) kwa nafasi ya asilimia 80 kunadai watu 64 kila upande. Hao 40 wako hawatoshi.

Swali kuu liwe moja, uliandike kabla ya kwenda darasani na umkabidhi msimamizi. Mimi nilikatakata data kwa jinsia, umri, umbali, hadi kitu kikatokea. Ukipima mara 20 mahali pasipo na chochote, kwa kiwango cha 0.05 (p ikiwa chini ya hapo ndipo unadai tofauti), una nafasi ya asilimia 64 hivi ya kupata walau "matokeo" moja. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Asilimia 97 za awali zilidai tofauti yenye maana kitakwimu, na ziliporudiwa ni asilimia 36 tu zilizoionyesha.

Alama za Agosti ulizokwisha kuchukua usizitupe, zitakusaidia kueleza watoto wako ni akina nani. Shule zote mbili zibaki, ila kura ipigwe ndani ya kila moja, mwalimu wa darasa akiwepo, na karatasi ya majina uipige picha siku hiyohiyo. Ukikwama kupanga bahasha, weka hapa idadi ya wanafunzi wa kila darasa nikupangie.