Barua kwa mwanangu: Je, moyo wa rafiki yako umeshafungwa?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema umemshuhudia rafiki yako wa kazini habari za Yesu kwa miaka minne, na tangu afiwe na baba yake mwaka jana hataki hata kusikia neno kanisa. Kiongozi wa kikundi chenu cha Biblia amekwambia Mungu ameshaufanya mgumu moyo wake kama wa Farao, basi ukung'ute mavumbi uende zako. Nawe unauliza kama ni kweli, na kama ni kweli, Mungu anamhukumuje mtu ambaye yeye mwenyewe amemfunga moyo.

Tuanze na Farao, yule mfalme wa Misri aliyekataa kuwaachia Waisraeli, maana wengi humtaja bila kumsoma. Chukua kalamu, fungua Kutoka 7 hadi 14, na kila mahali moyo wake unapotajwa andika pembeni ni nani anayeufanya mgumu. Katika mapigo matano ya kwanza, ama moyo unasemwa tu kuwa ni mgumu, ama Farao mwenyewe ndiye anayeufanya mzito (8:15 na 8:32). Ni kwenye pigo la sita, la majipu, ndipo unasoma kwamba Bwana aliufanya mgumu (9:12). Na hata baada ya hapo, mvua ya mawe ilipokoma, ni Farao tena (9:34). Sitakuficha upande wa pili: Mungu alikwisha kumwambia Musa mapema kwamba atafanya hivyo, katika 4:21 na 7:3, na Paulo katika Warumi 9 halegezi kamba: anasema Mungu humfanya mgumu amtakaye. Wakristo wamebishana juu ya hili kwa karne nyingi, na barua yangu haitaumaliza ubishi huo. Ninaloliona wazi ni kwamba hakuna mahali Farao anaonekana akitaka kutii halafu Mungu anamzuia. Anapewa kile alichokwisha kukichagua mara nyingi. Warumi 1 inaieleza hukumu kwa namna hiyohiyo, ikisema mara tatu kwamba Mungu aliwaacha watu wafuate walichokitaka.

Tazama pigo la vyura. Wamejaa vyumbani, vitandani, mpaka kwenye vyombo vya kukandia unga. Musa anamwambia Farao achague mwenyewe saa ya kuondolewa. Mtu mwenye vyura kitandani angesema sasa hivi. Farao anasema, "Kesho." Na alipoona pana nafuu, akaufanya moyo wake kuwa mzito. Basi angalia kilichoufanya mzito: ile nafuu. Ahadi hutolewa kwenye maumivu, maumivu yakipoa ahadi inasahauliwa, na kila mzunguko unapojirudia kutubu kunazidi kuwa kugumu. Ndiyo maana Waebrania 3 inasisitiza neno "leo", na inatutaka tuonyane kila siku, tusije tukafanywa wagumu kwa udanganyifu wa dhambi. Anayefanywa mgumu hasikii akifanywa mgumu.

Jambo moja dogo ambalo tafsiri hulificha: neno la Kiebrania linaloutaja moyo mzito wa Farao ni lilelile Musa alilolitumia kujitetea kwamba ulimi wake ni mzito (4:10). Mungu alimtuma mwenye ulimi mzito kwa mwenye moyo mzito. Kwa hiyo usijilaumu sana kwamba hujui kuongea.

Sasa rafiki yako. Kiongozi wenu amejuaje? Musa aliambiwa na Mungu mwenyewe habari za Farao. Sisi hatujaambiwa habari za mtu yeyote tunayekutana naye. Na ugumu wa moyo si wa watu wa nje tu: katika Marko 6:52 na 8:17 wanaosemwa kuwa na mioyo mizito ni wanafunzi, wakiwa chomboni pamoja na Yesu, baada ya kuona mikate ikiongezeka. Sauli aliyewaburura waumini gerezani alikuwa mgumu kuliko rafiki yako, na ndiye aliyekuja kuwa mtume Paulo.

Tena, kwa unavyonieleza, huyo bado ana hasira na anauliza mbona Mungu alinyamaza. Mtu anayegombana na Mungu bado anazungumza habari zake. Zaburi zimejaa watu wa namna hiyo. Ningeogopa zaidi kama angekuitikia amina kwa kila neno na asibadilike chochote. Na lolote litakalotokea, usithubutu kumwambia msiba ule ulikuwa hukumu. Mnara wa Siloamu ulipowaua watu 18, Yesu alikataa katakata kuwahesabu kuwa waovu kuliko wengine (Luka 13:4), akawageuzia swali waliokuwa wakimsikiliza.

Kuhusu kung'uta mavumbi: soma Matendo 18 polepole. Wayahudi wa Korintho walipompinga Paulo na kumtukana, alikung'uta mavazi yake akasema damu yao iwe juu ya vichwa vyao. Halafu akahamia wapi? Nyumba iliyopakana na sinagogi. Akakaa mjini mwaka mmoja na miezi sita, na Krispo, mkuu wa sinagogi hilohilo, akaamini na nyumba yake yote. Alichokiacha ni kubishana nao. Mlango aliuacha wazi. Na mlinzi wa Ezekieli 33 anadaiwa kupiga tarumbeta kuwaonya watu hatari inapokuja. Wasiposikia, hadaiwi damu yao. Kupiga tarumbeta sikioni mwa mtu kila asubuhi nako si ulinzi.

Hapo ndipo nadhani umekosea, nivumilie. Kumtumia mstari wa Biblia kwenye simu kila siku kumemfundisha kukupita bila kusoma. Acha kabisa kwa sasa. Usimjadili mbele ya wenzenu wa kazini, kwa sababu mtu aliyetoa msimamo hadharani ataulinda hata akiwa moyoni ameshatikisika. Akiuliza, jibu swali alilouliza, si lile ulilojiandaa kulijibu. Kama hujui, sema hujui. Petro anataka tujibu kwa upole na kwa hofu (1 Petro 3:15), na neno la kwanza katika agizo hilo ni kumtakasa Kristo mioyoni mwetu, yaani kazi inaanzia kwako.

Baada ya muda, mwombe ruhusa mara moja: "Ungependa tusome Injili ya Marko pamoja?" Akikataa, mshukuru, na usilirudie swali hilo mpaka yeye mwenyewe afungue mazungumzo. Akikubali, ina sura 16; sura moja kwa juma ni kama miezi minne. Asome yeye kwa sauti, kisha muulize maswali mawili tu: umeona nini kuhusu Yesu, na nini kimekusumbua. Usikimbilie kusahihisha. Mkifika 3:5, ambapo Yesu anawatazama wenye mioyo migumu kwa hasira huku akihuzunika, nyamaza kidogo. Hasira na huzuni ziko pamoja kwenye mstari mmoja, na ukihubiri moja bila nyingine umemharibia picha.

Katika maombi yako shika Ezekieli 36:26, moyo wa jiwe kutolewa na wa nyama kuwekwa. Mungu ndiye afanyaye hivyo. Wewe huna patasi ya kazi hiyo.

Umesema mwaka wa msiba unatimia mwezi ujao. Siku hiyo mpigie simu, umtaje baba yake kwa jina, umwache aongee. Usiongeze mstari.

Mama yako