Nafasi za mzigo, mchezoni na barabarani

Swali (Ujiji): Mwanangu anacheza Minecraft, mchezo wa kompyuta na simu. Analalamika kwamba mzigo wake umejaa, ilhali namwona ana mayai na panga chache tu. Inawezekanaje?

Jibu: Mchezo huo hauhesabu uzito, unahesabu nafasi. Mchezaji anazo 36, na kila moja hupokea vitu vya aina moja tu: mbao hurundikana hadi 64, mayai hadi 16, na upanga hukaa peke yake. Kwa hiyo mayai 17 huchukua nafasi mbili, huku matofali 64 ya dhahabu tupu yakienea katika nafasi moja bila mbebaji kupunguza mwendo, jambo ambalo wachukuzi wa bandarini Kigoma wangelicheka.

Swali (Mwanga): Sanduku na punda wa mchezo huohuo, kipi hubeba zaidi?

Jibu: Sanduku. Lina nafasi 27, na mawili yakiunganishwa huwa 54. Punda aliyefungwa sanduku hubeba 15 tu, ila yeye hutembea.

Swali (Kasulu): Pikapu yangu ni ya tani moja. Nilipakia magunia 25 ya chumvi ya Uvinza, ya kilo 50 kila moja, na bodi haikujaa. Mbona fundi amenigombeza?

Jibu: Fundi yuko sahihi, maana ulibeba kilo 1,250. Chumvi ni nzito kuliko inavyoonekana, hivyo bodi hufika kikomo cha uzito kabla haijajaa machoni. Ungepakia magodoro, ingejaa springi zikiwa bado zimetulia. Mzigo unapozidi nyuma, pua ya gari huinuka, tairi za mbele hushika barabara kwa shida, usukani huwa mwepesi kwa namna ya hatari, na usiku taa huwamulika machoni wanaokuja. Breki nazo huchelewa kusimamisha gari. Pakia magunia 20 au pungufu, uwatoe katika hesabu hiyo abiria uliowapakia, na uyasogeze karibu na kabini badala ya kuyarundika mkiani.

Swali (Ujiji): Madumu sita ya mawese yanafaa kukaa kwenye keria ya gari dogo?

Jibu: Dumu la lita 20 lina takriban kilo 18 za mafuta, kwa hiyo sita yanazidi kilo 100, na uzito ulio juu hulifanya gari liyumbe kwenye kona. Yaweke ndani ya buti, yakiegemea kiti cha nyuma. Juu pandisha madumu matupu.