Msichana wa "On Raglan Road"
Umeuliza kama msichana wa "On Raglan Road", shairi la Ireland lililogeuka wimbo, alikuwepo kweli. Alikuwepo, ndugu yangu. Aliitwa Hilda Moriarty, alikuwa akisomea udaktari Dublin, na mshairi Patrick Kavanagh alimzidi miaka 18 hivi. Kavanagh alipenda, Hilda hakupenda. Shairi lilitoka gazetini mwaka 1946, jina la binti likiwa Miriam. Hilda akaja kuolewa na Donogh O'Malley, yule waziri aliyeleta elimu ya sekondari bila ada Ireland.

Lakini kilicholisambaza shairi hilo ni sauti ya Luke Kelly wa bendi ya The Dubliners, aliyeliimba kwa mahadhi ya kale ya Ireland, "Fáinne Geal an Lae". Kelly halii wala habembelezi. Anaimba kama mtu anayesimulia kesi aliyokwisha kushindwa. Na maneno yenyewe yanauma kwa sababu mpenzi anajilaumu: mtego aliuona tangu siku ya kwanza, akauingia kwa miguu yake. (Mwishoni anajifananisha na malaika aliyependa kiumbe wa udongo. Kakataliwa, bado anaringa!) Nani hajawahi kuwa hapo?

Anza na rekodi ya Kelly, za waimbaji wengine baadaye.